Honi ya Boti ya Zahanati

Yoramu Mihayo hakuzaliwa mtu wa maji. Kwao ni Usoke, magharibi ya Tabora, nchi ya miombo na karanga, ambako mtu anaweza kuzeeka bila kuona maji yanayompita magoti. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba mizigo ya watu wengine baina ya Tabora na Ujiji mpaka bega lake la kulia likaota sugu ngumu kama kisigino. Baba yake alikuwa mkulima tu. Yoramu mwenyewe alichukuliwa na vita, akafika Burma, akaendesha malori ya jeshi. Aliporudi mwaka 1946 alipata kazi ya kuendesha lori la pamba kwenye barabara ya Igunga, na huko ndiko alikojifunza kuponya gari lililokufa porini kwa waya wa kufungia, kipande cha sabuni na uvumilivu.

Mwaka 1953 zahanati moja ndogo ya misheni, kando ya ziwa Sagara, ilipata boti ya mbao na mashine ya kupachika nyuma. Wakatafuta mtu anayejua injini. Yoramu akajitokeza. Hakusema kwamba hajui kuogelea, na hakuna aliyemwuliza.

Boti ile ilikuwa na kazi moja. Kila Jumatano ilimchukua nesi wa zahanati, Mama Pelagia, pamoja na sanduku lake la dawa, ikawazungukia wavuvi katika kambi nne zilizojificha ndani ya mafunjo. Humo mlikuwa na wagonjwa wa ukoma, ambao hawakutakiwa kukosa vidonge vyao hata wiki moja, na mara kwa mara mtu aliyeanza kusinzia mchana kwa malale, ambaye ilibidi apelekwe hospitali kabla hajazidiwa. Mama Pelagia alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitano, mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakuna mvuvi aliyewahi kumkatalia sindano. Kwa mashine, kambi zote nne zilimalizika kwa siku moja. Kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, zilikuwa kazi ya siku tatu.

Kilichomchosha Yoramu katika kazi hii ni kusubiri. Mlio wa mashine ulimezwa na mafunjo, kwa hiyo boti ilipofika kambini watu walikuwa bado mitegoni. Mama Pelagia alikaa juu ya sanduku lake saa nzima, wakati mwingine saa mbili, jua likimpiga, mpaka waitwe mmoja mmoja. Hakulalamika hata siku moja. Yoramu ndiye aliyeona vibaya. Mwezi wa Machi mwaka 1957 dereva mmoja aliyefahamiana naye tangu enzi za Igunga alivunja lori lake karibu na stesheni ya Nguruka, akamwachia honi yake na betri iliyokuwa bado hai. Yoramu akaona amepata dawa. Boti itakuwa na honi. Itapigwa mbali, na watu wataacha mitego na kusogea ukingoni.

Jumamosi ile alifanya kazi peke yake gatini. Betri aliiweka chini ya kiti cha nyuma. Alikuwa anafuata mtindo wa malori, ambamo mguu mmoja wa betri hufungwa kwenye chuma cha gari, umeme ukarudi kwa njia ya bodi. Kwa hiyo mguu mmoja akaufunga kwenye boliti ya mashine. Mguu wa pili ulikuwa wa kuungwa na waya wa honi. Waya wa honi ulikuwa mweusi, aliupitisha chini ya kifuniko cha mashine ili usikanyagwe. Lakini chini ya kifuniko hicho kulikuwa na waya mwingine, mweusi vilevile, ambao ncha yake ilifungwa utepe. Ulikuwa umening'inia hapo tangu mwaka uliotangulia, na Yoramu alikuwa ameshausahau. Akauvua utepe, kwa kudhani ni ule aliofunga mwenyewe asubuhi, akaugusisha kwenye betri na kuusokota.

Honi haikulia. Badala yake kitu kilivuma kidogo, kama nyuki ndani ya chupa, na moshi mweupe ukatoka chini ya gurudumu zito lililo juu ya mashine. Yoramu akaunyakua waya ukamwunguza vidole. Haikupita muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu.

Alikaa akautazama ule moshi mpaka ukaisha. Kisha akavuta kamba ya kuwashia. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Mashine ilizunguka kama kinu kitupu. Haikupiga chafya hata moja.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililokuja kumtesa kuliko lile la kwanza. Aliukata ule waya mahali ulipokuwa umeungua, akaizungushia ncha mpya utepe mweusi, vizuri kabisa, kama ulivyokuwa. Betri na honi akavipeleka ghalani na kuvifunika kwa gunia. Jumatano ilipofika, mbele ya Mama Pelagia, akavuta kamba mpaka jasho likamtiririka.

"Imekuwaje?" Mama Pelagia akauliza.

"Sijui, Mama. Labda petroli."

Neno hilo moja lilitosha. Petroli ya boti ilinunuliwa Nguruka kwa mzee mmoja aliyeitwa Mfaume, aliyekuwa na mapipa mawili nyuma ya stesheni. Kesho yake Mama Pelagia alipanda baiskeli mpaka Nguruka, Yoramu akimfuata, na mbele ya watu waliokuwa wakisubiri treni akamwambia Mfaume kwamba anauza maji kwa bei ya petroli, na kwamba wagonjwa wanateseka kwa ajili yake. Mfaume aliapa. Mama Pelagia, ambaye hakuwa na desturi ya kupaza sauti, siku ile aliipaza. Yoramu alikuwa amesimama pembeni ameshika baiskeli ya Mama, akitazama kengele yake.

Kwa majuma mawili na siku kadhaa alimpeleka Mama Pelagia kwa upondo. Mikono yake iliota malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Hawakuweza kufika kambi zote. Ile ya mbali kuliko zote, kambi ya Omari, hawakuifikia hata mara moja. Petroli mpya ililetwa kutoka Uvinza na haikusaidia kitu, lakini hakuna aliyerudi kwa Mfaume kumwambia hivyo. Mwishowe barua ikaja kutoka kwa mkuu wa misheni: mashine ipelekwe Tabora kwa Humaidi, fundi aliyeihudumia mwaka jana, na Yoramu aisindikize.

Aliisindikiza katika behewa la mizigo, ameifunga kwa mkeka, kati ya magunia ya samaki wakavu na chumvi ya Uvinza. Babu yake alitembea njia hiyo kwa siku nyingi akiwa na mzigo begani. Mjukuu aliipita kwa siku moja amekaa, na mzigo wake ukamwelemea vilevile.

Humaidi bin Hamdun alikuwa na karakana yake nyuma ya soko la Tabora. Watu wa ukoo wake walikuwa wafanyabiashara tangu zama za pembe za ndovu, na ndugu zake walikuwa bado na maduka ya nguo. Yeye tangu ujana alipenda zaidi kufungua redio kuliko kuiuza. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, kanzu yake imetobolewa na maji ya betri, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, Mzee Humaidi."

"Marahaba. Karibu. Hiyo si mashine ya misheni? Naikumbuka. Ina nini?"

"Imezima."

"Ilizimia ziwani, au ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa imefungwa. Asubuhi moja nilivuta kamba, haikuwaka."

"Kabla ya hapo iliguswa na mtu?"

"Hapana."

Humaidi akachukua chaki, na juu ya ubao mdogo uliotundikwa ukutani akaandika: Haikuguswa. Kisha akaanza kazi.

Siku ile ya kwanza alimwaga petroli yote, akasafisha tangi, akaweka mpya. Akafungua plagi mbili za mashine, akazilaza juu ya chuma, akamwambia Yoramu avute kamba huku yeye akizikodolea macho kutafuta cheche. Hapakuwa na cheche, si kwenye plagi ya kwanza wala ya pili. Akaweka plagi mpya. Hapakuwa na cheche. Kupitia tundu la gurudumu la juu aliweza kuziona koili mbili, zile zinazotengeneza umeme wa plagi, kila plagi na koili yake. Akahisi zimenyonya unyevu wa ziwani. Akaweka jiko la mkaa karibu, akaziacha zikauke mpaka alasiri. Bado kiza.

"Ajabu," alisema siku ya pili, akifuta miwani. "Koili moja ikifa, sawa, huo ni uzee. Lakini mbili? Ng'ombe wawili hawafi siku moja katika zizi moja kila mmoja kwa ugonjwa wake. Kuna kitu kimoja kimeziua zote."

Yoramu alikuwa amekaa juu ya kasha.

"Angalau ingekuwa imeanguka majini," Humaidi akaendelea. "Au radi. Palipiga radi?"

"Hapana, Mzee."

Siku ya tatu Humaidi alikaa muda mrefu mbele ya mashine bila kuigusa. Kulivua lile gurudumu la juu, ili aone kilichofichika chini yake, alikuwa hataki. Lilikuwa limeshikwa na kutu, na akitumia nguvu kwa kubahatisha lingeweza kupasuka. Yoramu alimwona akiutazama ubao wake, halafu mashine, halafu ubao. Mwisho akavuta karatasi na kalamu.

"Nakumbuka mwaka jana," alisema. "Kitufe cha kuzimia kilikuwa kimeoza. Nikakitoa, waya wake nikaufunga utepe nikauacha uning'inie. Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi, nilikuwa na haraka. Huenda kifuniko sikukikaza, maji yakaingia polepole, yakaziharibu koili zote mbili. Sioni sababu nyingine. Nitawaandikia wakubwa wako kwamba kosa ni langu, na koili mpya tuziagize Ulaya. Miezi mitatu, minne. Niwie radhi, Bwana Yoramu."

"Haya, Mzee," Yoramu akasema, akatoka.

Alikuwa amefikia mtaa wa Chemchem kwa dada yake, Bernadeta. Jioni ile Bernadeta alimpakulia ugali na mlenda, akamwona anaumega na kuurudisha.

"Chakula kina nini?"

"Hakina kitu."

"Basi wewe una nini?"

"Yule mzee anaandika barua," Yoramu akasema. "Anajitia hatiani kwa jambo nililolifanya mimi. Na ameniomba radhi. Mimi."

Bernadeta hakuuliza ni jambo gani. Alisogeza bakuli la maji ya kunawa. "Barua haijaondoka," alisema. "Posta inafungua saa mbili."

Asubuhi, Yoramu alikuwa amesimama mbele ya karakana kabla milango haijafunguliwa. Humaidi alipotokea, bahasha ilikuwa mkononi mwake.

"Shikamoo, Mzee. Usiipeleke hiyo barua."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Mashine iliguswa. Niliigusa mimi."

Humaidi alifungua mlango bila haraka, akaingia, akaiweka bahasha juu ya meza na kukaa. Akamwonyesha Yoramu kasha lake. "Sema polepole. Usiruke kitu."

Yoramu akasema yote: lori lililovunjika, honi, betri, boliti, waya mbili nyeusi. Humaidi hakumwambia pole wala hakumkaripia. Alimwuliza tu maswali.

"Waya upi? Nionyeshe kwa kidole."

"Huu."

"Huo una utepe wangu."

"Wako niliutoa. Huu ni wangu. Nilikata ncha iliyoungua, nikafunga upya."

Humaidi aliinama akautazama utepe kwa karibu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika. "Siku tatu nimeupita waya huu," alisema taratibu. "Kila nilipouona nilijiambia, hapa ni kazi ya mikono yangu, sina haja ya kupaangalia. Ulifunga vizuri sana, bwana wewe. Kama ungefunga ovyo ningekwishajua."

Yoramu aliinamisha kichwa.

"Moshi ulitoka wapi?"

"Chini ya gurudumu."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Kwa muda gani?"

"Kuhesabu tatu. Haikufika nne."

Humaidi alisimama, akaenda ubaoni, akafuta lile neno kwa kiganja. "Basi hiyo ni habari njema," alisema. "Kuhesabu tatu si muda wa kuua koili mbili. Ni muda wa kuchoma kitu chembamba zaidi. Sikiliza. Waya huu ndio waya wa kuzimia. Kazi yake ni moja: ukigusa bodi, umeme wote wa plagi unapotelea kwenye bodi, mashine inakufa. Wewe uliupa umeme wa betri nzima. Ukapata moto. Sasa kama ngozi yake imeyeyuka huko ndani, na shaba yake imelala juu ya chuma..."

"Unagusa bodi muda wote," Yoramu akasema.

"Muda wote. Wewe unavuta kamba, yeye anaambiwa zima."

Siku ile ile Humaidi alimtuma Yoramu karakana ya reli, kwa rafiki yake aliyeitwa Wenceslaus, akaazime kifaa cha kuvulia magurudumu. Kwa kuwa sasa alijua anachokitafuta, hakuogopa tena. Walitia mafuta kwenye kutu, wakakaza kifaa robo mzunguko, wakangoja, wakakaza tena. Karibu na adhuhuri gurudumu lilitoa mlio mkali, likaachia. Lilikuwa zima.

Harufu ya mpira ulioungua ikawapanda puani. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Ule waya mweusi, unapopita kushoto kwenye sahani ya chuma, ulikuwa umeyeyuka ngozi yake kwa urefu wa kidole, na shaba ilikuwa imeganda juu ya chuma kama gundi. Kando yake, vile vidomo viwili vidogo ambavyo hugusana na kuachana ili kufyatua cheche, mafundi huviita pointi, vilikuwa vimeungua na kushikana.

"Hawa ndio waliobeba mzigo," Humaidi alisema. "Walikuwa wamegusana wakati ule, umeme ukapita kwao. Koili zikapona kwa sababu yao. Lakini tusiseme zimepona mpaka tumeziuliza."

Akatoa betri yake na balbu ndogo yenye waya mbili. Akamwonyesha Yoramu jinsi ya kupima hatua kwa hatua, kila kitu kikiwa kimefunguliwa kutoka kwa mwenzake, ili kibovu kisijifiche nyuma ya kizima. Waya wa koili ya kulia ulipitisha umeme, balbu ikawaka. Wa koili ya kushoto pia. Humaidi akashusha pumzi. Wakabandua shaba kutoka kwenye chuma, wakautoa ule waya wote, wakaweka mpya wenye ngozi nene. Pointi za kushoto wakazitenganisha na kuzisugua kwa tupa laini mpaka zikang'aa, na nafasi baina yake wakaipima kwa kadi ya posta iliyokunjwa mara moja. Wakarudisha gurudumu, wakalaza plagi juu ya chuma, Yoramu akavuta kamba.

Plagi ya kulia ikatoa cheche ya buluu, yenye mlio. Yoramu alicheka kwa sauti. Lakini plagi ya kushoto ilikaa kimya.

"Usikate tamaa mapema, wala usifurahi mapema," Humaidi akasema. "Kimoja kimebaki."

Kilikuwa kikopo kidogo kama kifundo cha kidole, kondensa, kinacholinda pointi zisiungue na kuisaidia cheche iwe kali. Kondensa nzima haipitishi umeme wa betri, kwa hiyo balbu haiwaki. Waliipima ya kulia, balbu haikuwaka. Walipoipima ya kushoto, balbu ikawaka ng'aring'ari. Ilikuwa imetoboka ndani.

"Hiyo nayo ni ya Ulaya?" Yoramu aliuliza.

"Hii? Hii hata lori inayo." Humaidi akaingia uvunguni mwa meza, akapekua kopo la vyuma chakavu, akarudi na kondensa ya lori la zamani. Ilikuwa kubwa kidogo na haikuenea mahali pake, kwa hiyo akaifunga pembeni kwa kibati alichokikata mwenyewe. Yoramu akavuta kamba. Cheche mbili, kulia na kushoto.

Alasiri waliipachika mashine kwenye pipa la maji uani. Ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi wa mafuta, kisha ikanguruma, maji yakaruka hadi ukutani, na kuku wa jirani wakakimbia. Watu wa sokoni wakachungulia. Humaidi alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kwa muda mrefu, mpaka aliporidhika. Ndipo alipochukua kipande cha bati, akakitoboa kwa msumari herufi nne, ZIMA, akakifunga kwenye ule waya.

"Na mimi nina sehemu yangu," alisema. "Niliacha waya bila alama katika mashine itakayoshikwa na mtu mwingine. Usinibishie."

Ile barua aliichana. Akaandika nyingine fupi: waya wa kuzimia uliungua ndani, umebadilishwa, koili hazina ubaya. Akampa Yoramu aisome.

"Hujaandika nani aliyeuunguza," Yoramu akasema.

"Sikuwepo. Hilo utalisema wewe."

Treni ilimfikisha Nguruka siku ya Ijumaa, na jioni mashine ikawa zahanati. Mama Pelagia alikuwa anachemsha sindano. Yoramu alimsimulia akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alieleza mpaka na gunia alilofunikia betri.

Mama Pelagia aliepua sufuria kwanza.

"Nilimwita Mfaume mwizi," alisema.

"Najua, Mama."

"Ulikuwapo. Ulikuwa umeshika baiskeli yangu."

"Nilikuwapo."

Kisha Mama akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Mashine haitafungwa kwenye boti mpaka Mfaume asikie haya. Tutakwenda wote. Uongo ulikuwa wako, lakini mdomo ulikuwa wangu."

Mfaume walimkuta na bomba lake la kunyonyea mafuta, amekaa kati ya mapipa. Yoramu alimwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na mzee akaitika kwa shingo upande. Alisikiliza mpaka mwisho. Mama Pelagia naye akasema lake, kwamba alimhukumu mtu bila kupima. Mfaume alifuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Mmekuja kuniambia mimi kwamba petroli yangu haina maji," alisema. "Mimi nalijua hilo. Wasiolijua ni wale wengine. Mlinitukana wakati wa treni. Basi njooni wakati wa treni."

Treni iliyofuata ilikuwa Jumatatu. Yoramu alisimama jukwaani Nguruka, kati ya wauza karanga, wauza asali na abiria, akasema kwa Kiswahili kwamba aliiunguza mashine ya zahanati kwa mkono wake, na kwamba Mzee Mfaume hana hatia. Akasema tena kwa Kinyamwezi kwa ajili ya wazee waliotoka vijijini. Kisha mama mmoja muuza karanga akauliza, "Na bado wanakuachia boti?" Jukwaa zima likacheka. Mfaume hakucheka, lakini alijaza debe la zahanati kupitia kitambaa cheupe, akakikung'uta kitambaa mbele ya uso wa Yoramu. "Tazama," alisema. "Maji yako wapi?"

Jumatano boti iliondoka kwa mashine. Katika kambi tatu waliwakuta watu wao. Ya nne, kambi ya Omari, ilikuwa majivu na miti ya vibanda tu. Wavuvi wake, walipoona hakuna anayewajia, walihama na wagonjwa wao wanne, hakuna aliyejua wamekwenda upande gani. Mama Pelagia alishuka, akatembea katikati ya majivu, akarudi botini, akakaa juu ya sanduku lake.

Yoramu hakupumzika tena. Kila Alhamisi na Ijumaa, siku zisizo na zamu, aliomba ruhusa ya kutumia boti na kutafuta katika vijito, mafunjo yakimkata mikono, akiuliza kila mtumbwi aliopishana nao. Aliendelea hivyo Aprili yote. Mwezi wa Mei, mvuvi mmoja aliyeitwa Selemani alimwambia ameona moshi kwenye kisiwa cha matete upande wa kusini. Wakaenda, yeye na Mama Pelagia.

Omari mwenyewe alisimama ukingoni, mzee mrefu, mikono nyuma. Wagonjwa wote wanne walikuwa hai. Mmoja vidonda vya mguu vilikuwa vimerudi, na Mama Pelagia akapiga magoti mbele yake kabla hata ya kusalimu.

"Tulidhani mmetuchoka," Omari akasema.

"Hapana, Mzee. Niliharibu mashine," Yoramu akajibu. "Nikaficha. Ndiyo maana."

Nyuma ya Omari mkewe alikuwa anakoroga chungu.

"Basi ifunge boti vizuri," Omari akasema. "Uji umeiva."